Swichi Iliyoachwa Wazi

Miaka kumi na mitatu Tryphena alikuwa opereta wa simu mjini Voi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusikiliza maneno ya watu. Ukitaka Taveta, Mboghoni au Mombasa, alichomeka waya, akahakikisha mnasikilizana, kisha akajitoa. Hata ndoa ya jirani yake ilipovunjika, alipata habari sokoni kama sisi wengine. Msimamizi wake, Bwana Ndambuki, alikwisha kufukuza maopereta wawili kwa kusikiliza, na Tryphena alimsifu kwa hilo.

Shida yake ilikuwa tumbo. Lilimwanza baada ya kumzika mama yake, Wakio, aliyekufa kwa uvimbe tumboni kule milimani. Kwanza lilijaa, kisha likasokota, kisha ikawa kuharisha siku tatu na kufunga choo siku nne. Asubuhi za kazi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Akaacha maharagwe, akaacha maziwa, akabaki na uji mtupu. Alikonda, moyo ukawa unamwenda mbio, na bado hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hebu mwambie hivyo mama mtu mzima ambaye maradhi yake ni ya chooni, uone kama atakujibu.

Ila ubao wa simu haufichi kitu. Kila alipoinuka, taa ziliwaka na hakuna wa kuitika, na watu wakalalamika. Mwezi wa sita mwaka 1982, Bwana Ndambuki alimwita, akamwambia kwa upole uliomtisha kuliko ukali kwamba alete barua ya daktari yenye jina la ugonjwa kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, kiti kile angepewa mwingine.

Ndipo akaenda hospitalini. Daktari Mwandawiro alimpapasa tumbo, akamtazama macho na shingo, akasema anataka damu ipimwe homoni, hasa zile za tezi ya shingo, maana zikizidi huweza kumkondesha mtu na kumharisha. Homoni, alimweleza, ni wajumbe wanaopita ndani ya damu wakipeleka habari toka kiungo hiki hadi kile. Tryphena alielewa papo hapo: ndani yake mlikuwa na opereta aliyechanganya nyaya. Kichupa cha damu kikafunikwa na barafu, kikapanda treni ya Nairobi.

Alingoja siku kumi na mbili. Alipopiga magoti kanisani hakujua aombe nini. Damu ikiwa na kasoro, huenda ni njia ileile ya mama. Ikiwa safi, barua haitakuwa na jina, kazi imekwenda, na mwanawe Danson ndiyo kwanza yuko kidato cha pili. Mwishowe akaomba ugonjwa, ila mdogo. Akatoka kanisani ameona haya.

Jumatano, saa nne asubuhi, Nairobi ikaita. Mwanamume mmoja alimtaka Daktari Mwandawiro, kuhusu majibu ya damu. Tryphena akachomeka waya, daktari akaitika, na hapo ndipo alipopaswa kufunga swichi ya kusikilizia. Akasikia jina lake likitajwa. Mkono ukakataa. Akasikia karatasi zikifunuliwa, na tumbo likamsokota kama kamba ya mkonge. Alijibana mpaka machozi yakamtoka. Haikuwezekana. Akavua visikizio, akakimbia.

Aliporudi, jasho likimtiririka, Bwana Ndambuki alikuwa kwenye kiti chake, visikizio masikioni. Alichomoa waya polepole.

"Homoni zote ziko sawa," akasema bila kumtazama. "Na daktari hakuona dalili ya uvimbe."

Tryphena alishika mlango. Alifurahi, kweli alifurahi, akamwona mama yake akilini na kumuaga. Kisha akakumbuka ile barua.

"Basi sina ugonjwa," akasema. "Acha nikusanye vitu vyangu."

"Unao. Nimemsikia akimwambia yule wa Nairobi. Ni utumbo unaochokozeka upesi. Maumivu ni ya kweli, ni vile tu damu haiyaonyeshi. Na mtu akitishwa, yanazidi." Akamgeukia. "Mimi nimekutisha mwezi mzima, Mama Danson."

Tryphena alitazama visikizio, kisha swichi. Ndambuki akamwona.

"Niliikuta wazi," akasema. "Na mimi pia sikuifunga. Sasa nani atamfukuza mwenzake?"

Kesho yake Tryphena aliingia kazini tumbo likinguruma kama kawaida, akakuta kiti cha pili kando ya ubao. Bwana Ndambuki alikuwa amekikalia, visikizio vya akiba shingoni, akisoma gazeti. Siku hiyo Tryphena aliinuka mara nne, na kila mara alipogeuka mlangoni, aliona mkono wa mzee ukifika kwenye taa iliyowaka.