Mstari wa Hana

Mwalimu Hana alikuwa na mstari mmoja tu duniani, na kwa miaka miwili aliulea utadhani mtoto wa kwanza.

Mwenyewe ni Mgogo wa Haneti, mwalimu wa kemia aliyepewa ruhusa ya miaka miwili akasome shahada ya uzamili, akapanga chumba Chang'ombe, karibu na chuo. Kazi yake chuoni ilikuwa hii: anatumbukiza kipande cha shaba kwenye maji yaliyotiwa hewa ukaa, anapitisha umeme, kisha anaimulika shaba kwa leza. Mwanga unaorudi unachorwa kwenye kompyuta, na kila mstari unaeleza kilichozaliwa juu ya shaba. Wake ulisema hewa ukaa, ile chafu ya moshi, inageuka kuwa mafuta. Jamani, nani asingefurahi! Mama yake, Zipora, alisimama kanisani akaomba waumini wauombee mstari wa bintiye. Wakauombea kila Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyejua ni mstari wa nini.

Msimamizi wake, Dokta Batholomeo, hakuwa mtu wa kushangilia mapema. "Tumia hewa ukaa yenye kaboni nzito," alimwambia. "Uzito huo huusogeza mstari. Ukisogea, umetokana na hewa hiyo. Usiposogea, unatoka kwingine."

Mtungi wa gesi hiyo uliagizwa nje, ukachukua miezi minane. Ulipofika, ruhusa ya Hana ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Akafungulia gesi, akawasha umeme, akamulika. Mstari palepale. Akarudia mara sita. Haukusogea hata chembe!

Ndipo akakitazama kichupa kilichokuwa mezani siku zote. Gundi ya maabara ilipokwisha, mwanzoni kabisa, alinunua dukani Chang'ombe rangi ya kucha, ile ya kung'arisha tu, akawa anapaka kingo za shaba maji yasipenye. Sasa akaipaka kwenye kioo kitupu, akaimulika peke yake. Mstari uleule. Miaka miwili, rangi ya kucha! "Mjinga mimi," alisema kwa sauti, "mjinga kabisa."

"Pole, Hana," alisema Dokta Batholomeo. Muda wa ruhusa haukuongezwa.

Akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mstari wetu umesogea?"

"Haukusogea, mama. Haukuwa wa kweli tangu mwanzo. Narudi kufundisha, shahada sina."



"Sasa Jumapili nikawaambie waombe nini?"