Bibi Anaongeza Taa Mchezoni

Mama mkwe wangu alipiga chapa ofisini miaka thelathini na moja. Alistaafu na vidole visivyotulia; hata tukinywa chai vinagongagonga meza. Mwaka huu, ana miaka sitini na sita, ameanza kujifunza skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari.

Alianza kwa ajili ya binti yangu wa miaka minane, ambaye hasikii vizuri. Kwenye mchezo wa kompyuta anaocheza na binamu zake, waliokuja kututembelea, kuna daraja juu ya mto. Kengele ikilia, unaruka, la sivyo daraja linakatika nawe. Wenzake waliruka, yeye akatumbukia.

"Jiwe limezama tena!" binamu mkubwa alicheka.

Siku ya tatu binti yangu akasema hataki kucheza, akakaa mlangoni akijifanya anafunga kiatu. Na wageni wangeondoka Jumapili.

"Mchezo umetengenezwa na watu," mama mkwe akasema, "na watu wanaweza kuuongezea kitu."

Mafunzo aliyapata mtandaoni, akayanakili daftarini. Akimenya vitunguu nilimsikia akinong'ona: "Ikiwa kengele inalia, basi washa taa. Subiri sekunde moja. Zima." Akanigeukia. "Mwanangu, ni kama kumtuma mtoto dukani. Usipomwambia arudi, atakaa huko huko."

Jumamosi aliyaandika maagizo yote kwenye kompyuta bila kutazama vidole. Kengele ya kwanza ikalia, taa ikawaka. Ikabaki inawaka! Kengele ya pili ilipolia, hakukuwa na ishara mpya ya kumwonyesha binti yangu, akazama. Kompyuta ikaandika kwamba mstari wa tatu una kitu isichokijua.

"Subiri moja. Hapo kigeni ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Mama, tumwite fundi," mume wangu akasema.

"Fundi ni mimi niliyekuzaa. Nyamaza."

Akaurudia ule mstari kwa kidole, herufi moja moja, polepole. Ghafla akajipiga paji la uso. Taipureta yake ya ofisini haikuwa na kitufe cha tarakimu 1. Wapiga chapa wote walibonyeza herufi l ndogo badala yake, na kwenye karatasi hakuna bosi aliyegundua. Mkono wake ulikuwa umefanya vilevile. Kompyuta haikudanganyika.

"Miaka yote hiyo nimewapa wakubwa herufi, wao wanasoma tarakimu!" Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akabonyeza 1 kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeingia kazini leo.

Jumapili asubuhi, mabegi yakiwa tayari, watoto walisongamana kwenye kiti. Taa ikawaka, binti yangu akaruka. Ikazimika. Ikawaka tena, akaruka.

"Bibi, hata mimi niwekee taa," binamu mkubwa akaomba.

"Vuta kiti uandike mwenyewe. Nitakusomea."

Binti yangu hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amefika ng'ambo, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Akamgeukia bibi yake, akamtazama mdomo.

"Bibi, huku kuna nini?"

"Sijui, mjukuu wangu. Tembea utuambie."