Kadi Iliyoniambia Nisiwe Mgeni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa nimesimama ndani ya stoo ya mashuka, mlango nimeurudishia, namsikiliza rafiki yangu Aikande akiniulizia mapokezini. Nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi na mshahara, nami nimejificha kama mtoto aliyevunja glasi. Nitakueleza nilifikaje humo stoo. Utanicheka, na kucheka ni ruksa, maana hata mimi hujicheka siku nyingine, ingawa siku hizi nacheka peke yangu.

Aikande na mimi tulisoma darasa moja sekondari. Yeye Mchaga, wazazi wake walihamia Arusha wakafungua duka la vitenge mtaa wa Kwa Mrombo. Mimi Mmeru wa Nkoaranga, kwetu ni migomba na kahawa na ukungu wa asubuhi. Tulimaliza kidato cha nne miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Kampuni za utalii zikaota kila kona ya mji, wazungu wakajaa barabarani na mabegi yao mgongoni, na ghafla asiyejua Kiingereza akaonekana hana maisha. Kiingereza chetu sisi kilikuwa cha kujibia mitihani tu, mtu akikuuliza njia unajibu kwa kidole. Basi tukajiandikisha kozi ya miezi sita katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chini ya mwalimu mwembamba aliyependa misemo kuliko sarufi.

Kila wiki alitugawia karatasi ya misemo, imetolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Mwingereza akisema “it's raining cats and dogs”, mvua ni kubwa, basi, hakuna paka wala mbwa. Akisema jambo fulani ni “a piece of cake”, ni jambo rahisi, usisubiri keki. Kinachotokea “once in a blue moon” hutokea kwa nadra sana. Tulizikariri maana kama tulivyoagizwa, kisha tukaanzisha mchezo wetu wa kutafsiri neno kwa neno. Mvua ikitukuta Tengeru, Aikande anavua viatu na kupiga kelele, “Anaeli, kimbia, paka hao! Na mbwa wao!” Nikichelewa darasani ananiambia naonekana mwezi ukiwa wa bluu. Nikimtania ananiambia nimwachie mguu wake, kwa sababu kwa Waingereza kumvuta mtu mguu ni kumtania. Watu walituona wehu. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, na sijapata mtu mwingine wa kucheka naye hivyo.

Kozi ilipokwisha, Aikande alipata kazi kwenye hoteli moja Nairobi. Kiingereza chake kilikuwa kimenizidi mbali, na mimi nililijua hilo, nalo liliniuma kidogo, sitakuficha. Mimi nilipata kazi Kaloleni, nyumba ya wageni ndogo yenye vyumba tisa. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni kuanzia asubuhi hadi jioni, kuwaandika kitabuni na kuwapa funguo. Lishike neno hilo, mgeni, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Mwaka wa kwanza Aikande aliandika barua ndefu, kwa Kiswahili, za kuchekesha. Kisha zikapungua. Nikamwandikia kurasa nne kwamba nimepewa likizo mwezi wa Agosti, nataka kuja Nairobi nikae kwake wiki mbili, aniambie kama naweza. Nikasubiri. Baada ya siku kumi ikaja kadi yenye picha ya twiga, na nyuma yake mstari mmoja wa Kiingereza: “Up to my neck here. Don't be a stranger! Aikande.”

Misemo hiyo miwili haikuwamo kwenye karatasi za mwalimu. Nikafanya kama tulivyozoea, nikatafsiri neno kwa neno, safari hii bila kucheka. Wa kwanza niliuona wazi, maana hata sisi tunao: yamenifika shingoni, yaani nimechoka, sitaki tena. Wa pili nikafungua kamusi. “Stranger”, kamusi ikasema, ni mgeni. Usiwe mgeni. Nimeomba kwenda kwake kuwa mgeni, naye ananijibu yamemfika shingoni na nisiwe mgeni! Tena ameweka alama ya mshangao, kama mtu anayenipigia kelele.

Nilisoma kadi ile mara nyingi mpaka nikashindwa kula. Nikajiambia, Nairobi imempanda kichwani, ameona aibu kupokea msichana wa mlimani mwenye kikapu cha ndizi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni, lakini hasira ndiyo niliyoijua jinsi ya kuishika. Baada ya hapo barua zake mbili zilikuja. Niliutambua mwandiko wake kwenye bahasha, nikazitia kwenye moto jikoni bila kuzifungua, nikasimama pale mpaka zikaisha kuungua.

Likizo yangu ya Agosti niliimalizia Nkoaranga, nachuma maharage. Mama akaniuliza mbona sikwenda Nairobi. Nikamwambia nimebadili mawazo.

Ukapita mwaka na zaidi. Ndipo asubuhi ile nikiwa mapokezini nikamwona Aikande kupitia dirishani, anashuka kwenye gari, amevaa gauni la bluu, amenenepa kidogo na amependeza. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri kama mtu mwenye akili. Badala yake nikamwambia Mama Pendo, mpishi wetu, “Huyo akiniulizia, mwambie nimesafiri.” Nikaingia stoo.

“Hodi! Shikamoo mama. Anaeli yupo leo?”

“Marahaba. Hayupo mwanangu, amesafiri.”

“Jamani! Amesafiri kwenda wapi?”

Mimi sikuwa nimempa Mama Pendo jibu la swali hilo. Alikuwa mama mkweli, uongo ulimshinda, akashika wa karibu. “Amekwenda kwao. Wamepata msiba.”

“Msiba? Wa nani?”

“Sijui vizuri mwanangu. Wa nyumbani kabisa, nasikia.”

Nikamsikia Aikande anasema kwa sauti ndogo, “Maskini Anaeli.” Akaaga, gari likaondoka. Nilitoka stoo nikamgombeza Mama Pendo kwa kuniulia ndugu, naye akanijibu kwamba mwenye uongo ni mimi, yeye ameubeba tu. Hapo nilikuwa bado sijafikiria jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angelifikiria. Mtu hawezi kusikia rafiki yake ana msiba nyumbani akaendelea na safari zake.

Jumamosi nilipopanda nyumbani, mama alinipokea uani akiwa ameshika kiuno.

“Anaeli, hapa amekufa nani?”

“Kwa nini mama?”

“Mwenzako Aikande alikuja juzi. Amejifunga kanga mbili, ana sukari kilo tatu na majani ya chai, analia tangu pale njia panda. Mimi niko kwenye mahindi, nimeshika jembe. Akanikumbatia akaniuliza mazishi ni lini. Nikamwambia, mwanangu, hapa hajafa mtu.”

“Akasemaje?”

“Akakaa, akanywa chai yote, hakutaka kuiacha kikombeni. Alipokuwa anaondoka akasema sukari ibaki, si vizuri kuirudisha.” Mama akanitazama. “Mmekosana nini ninyi?”

Nikasema muulizeni yeye. Mwanangu, ile sukari tulikunywa nayo chai mwezi mzima, na kila nilipokoroga kikombe nilijua nimefanya jambo baya, na bado sikuandika hata mstari mmoja. Nilimngoja yeye aanze, kwa sababu nilihesabu kwamba kadi ndiyo iliyoanza. Nilikuwa na kiburi, nacho kilinitunza vibaya.

Miaka mitatu baadaye alikaa pale kazini kwetu mama mmoja wa Kiayalandi, mwalimu mstaafu, miezi miwili mizima. Tulizoeana. Siku ya kuondoka akanikumbatia palepale mapokezini, macho yamemjaa machozi, akaniambia, “Don't be a stranger, Anaeli.” Nilijiuliza na huyu naye nimemkosea nini. Lakini huyu sikumwogopa, maana alikuwa anaondoka na hatukuwa na historia. Nikamuuliza kwa nini hataki niwe mgeni wake.

Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. Akaniketisha, akanieleza polepole. Hawasemi hivyo kumfukuza mtu. Wanasema hivyo kwa mtu wanayempenda, wakati wa kuagana au mwisho wa barua. Maana yake usikae kimya mpaka tukawa kama watu wasiojuana, andika, njoo. Nikamtajia na ule wa shingo. Akasema huo ni wa mtu aliyezidiwa na kazi.

Kazi zimenizidi huku. Usipotee! Aikande.

Ndivyo kadi yangu ilivyokuwa imesema. Usipotee. Neno tunaloambiana kila siku njiani, sokoni, kwenye lango la kanisa. Mgeni wangu alipanda gari akaondoka, nami nilibaki nimekaa kwenye kiti kile mpaka Mama Pendo akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumapili hiyohiyo baada ya ibada nikaenda Kwa Mrombo kwa mama yake Aikande. Nilimkuta anakunja vitenge. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia yote, kadi, stoo, msiba wa uongo. Nilipomaliza akasema, “Barua yako ya kuomba kwenda ilipomfikia, alinipigia simu dukani kwa furaha. Akanunua godoro la pili. Akakuandikia uje, akakuandikia tena, kimya.” Nikaelewa kwamba kadi na barua yangu vilipishana njiani, na kwamba jibu langu la kweli ndilo nililolitia jikoni. “Na siku ile aliyokufuata kazini,” akaendelea, “alikuwa anakaribia kuolewa. Alitaka wewe ndiye usimame naye kanisani. Alisimamiwa na binamu yake.”

Nililia. Hakunibembeleza, na nilimheshimu kwa hilo.

“Anaeli,” akasema, “Kiingereza mlijifunza wote wawili na wote wawili kiliwapiga chenga. Lakini Kiswahili mlikuwa nacho. Ulishindwa nini kumuuliza kwa Kiswahili, Aikande, umenikasirikia?”

Nikamwomba anwani ya Aikande.

Aikande alikuwa ameshahamia Kanada na mumewe. Mama yake akanipa anwani, nikamwandikia kurasa saba, sikujitetea popote. Nilisubiri miezi mitatu. Jibu likaja limepigwa taipu, kwa Kiingereza kilichonyooka, hakuna msemo hata mmoja. Alishukuru kwa barua yangu, alifurahi kusikia sijambo, aliwasalimu wote nyumbani. Mistari minne, na chini jina lake pamoja na la ukoo, kana kwamba najua akina Aikande wengi. Hakuwa na kinyongo ndani yake. Nilitafuta kinyongo kwenye barua ile nikitamani nikione, maana mtu mwenye kinyongo na wewe bado ana kitu chako. Aliniandikia kwa adabu, kama vile mimi nilivyokuwa nawaandikia watu walioulizia vyumba.

Sasa mume wangu ametangulia, watoto wangu wanaishi Dar na Mwanza na kazi zao. Naishi vizuri, nina kuku na bustani, jirani wa Terrat huniletea maziwa. Lakini redioni nikisikia mtu anaropoka msemo wa kizungu, naanza kuutafsiri neno kwa neno, nageuka ili nimwambie mtu, na chumba hakina mtu. Upweke wangu mimi uko hapo hasa. Wa kuniletea maziwa yupo. Wa mchezo ule hayupo, na hawezi kutengenezwa mwingine uzeeni.

Kwa hiyo nasaha yangu, mwanangu, ni ndogo na uichukue hivyohivyo. Neno la mtu unayempenda likikuuma, usilitafsiri peke yako chumbani. Utalitafsiri kwa hofu yako, na hofu inajua neno moja tu. Nenda kwa aliyelisema ukamuulize alikuwa na maana gani, na umuulize kwa lugha mliyokulia, hata ikikupasa kuonekana mshamba. Ninyi wa siku hizi mna simu mkononi, mnaandikiana maneno matatu na kipicha, na naona mnavyonuniana kwa nukta moja iliyokaa vibaya. Piga simu. Isikie sauti. Na ukigundua umekosea, usingoje mwaka uishe, maana rafiki hachoki kwa siku moja. Huchoka kidogo kidogo akikungoja, na siku akimaliza kuchoka hatakuambia.

Nakuombea kwa Mungu, mwanangu. Akulinde, akutunzie watu wako, akupe wa kucheka naye mpaka meno yaishe. Na akupe ulimi mwepesi wa kuuliza, ungali kijana, kabla hujawa mzee kama mimi, mwenye maana za maneno yote na asiye na wa kumwambia.