Uwanja wa Kijani

Serikali ilitulipa, mimi na wasomi wenzangu kadhaa, tufanye utafiti wa kupanga na kuchambua taarifa za usalama wa anga. Kila rubani, mlinzi wa uwanja wa ndege au muuguzi anayesindikiza wagonjwa akiona hatari, huandika taarifa. Taarifa hizo zilikuwa zimelala kabatini kwa miaka mingi, zikisomwa na mende peke yao. Sisi tuliziingiza kwenye kompyuta na kuifundisha mashine kusoma maneno. Taarifa yenye maneno ya hofu iliupaka uwanja rangi nyekundu kwenye ramani, na yenye maneno ya utulivu iliupaka kijani. Fedha za uzio zilitosha uwanja mmoja tu mwaka huu, nazo zingekwenda kwenye wekundu uliokolea zaidi. Tulijipongeza sana, kwa chai na sambusa za bajeti.

Uwanja wa kwetu, kipande cha vumbi kilichonyooka kati ya Ifakara na Mlimba, ulitoka kijani kibichi. Nilifurahi kuliko wote, kwa sababu dada yangu ni muuguzi na kila Alhamisi hupanda kindege kinachotua hapo kusindikiza wagonjwa. Nilisafiri nyumbani na kompyuta yangu nimpelekee habari njema.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kutukagua?"

Nilimwonyesha ramani. Aliitazama, akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Salama? Wiki iliyopita tumeruka mbuzi! Magurudumu yameshagusa ardhi, rubani akainua tena. Mgonjwa ana dripu, nimemlalia kama godoro."

Nikaitafuta taarifa yake ya siku hiyo, nikamsomea. Ilianza kwa kuwasalimu viongozi wote kwa vyeo vyao. Ilieleza kwamba mbuzi wachache walikuwa wakipita, hivyo rubani alipata nafasi ya kuzunguka tena juu ya bonde, ambalo lilipendeza. Ilimalizia kwa kumshukuru Mungu, hali ilikuwa shwari.

"Dada, hii ni taarifa ya ajali au ya utalii?"

"Sasa wewe ulitaka niandikeje? Mbuzi ni wa mama mkubwa. Niandike serikalini kwamba mbuzi wake walitaka kutuua, halafu Jumapili tukae naye benchi moja kanisani?"

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yetu. Wakati wa mavuno bonde zima ni matope, na ardhi kavu iliyo tambarare ni ile ya uwanja. Kwa hiyo yeye na majirani hutandaza maturubai ya mpunga pembeni mwa njia ya kurukia, mbuzi hufuata mpunga, na ndege hufuata ratiba. Kila mtu anafahamu jambo hilo, na hakuna mwenye utovu wa adabu wa kuliandika. Nilifungua taarifa nyingine za uwanja ule, za mlinzi na za marubani waliozoea chai yetu. Zote zilikuwa na heshima ya kutosha kuchumbia. Mashine yetu, iliyogharimu kodi za watu wengi, ilikuwa imepima malezi mema ya watu wa bonde letu la Kilombero na kuyaita usalama.

Alhamisi nilisimama pembeni mwa uwanja. Kindege kilipoanza kushuka, mbuzi waliingia katikati kama waalikwa. Nikavua koti langu la semina, nikakimbia nikilipunga. Mama mkubwa alinipita mbio, kanga mkononi, akiwatukana mbuzi kwa Kipogoro.

"Kimbia, msomi! Dada yako yuko humo!"

Mbuzi wa mwisho alitoka wakati vumbi la magurudumu limeshatufunika. Dada alishuka, akamkabidhi mgonjwa kwa wenzake, kisha akaketi kwenye nyasi. Aliikalia mikono yake yote miwili, asitutazame. Mama mkubwa alimwona.

"Andika, mwanangu," alisema. "Andika ni mbuzi wangu. Ila andika na mimi nilikimbia."

Dada akaandika palepale, bila salamu na bila shukrani: Tulikaribia kufa. Mbuzi ni wa mama yetu mkubwa. Alikimbia.

Mkuu wangu wa kitengo aliirudisha. Alisema lugha ni kali, na mwandishi aanze kwa kuwasalimu wahusika kama ilivyo desturi. Nilimjibu kwa adabu zote nilizolelewa nazo kwamba nimepokea maelekezo, kisha nikaiingiza kama ilivyo. Uwanja ukawa mwekundu kama nyanya, kuliko viwanja vyote.

Nguzo za uzio zililetwa kabla ya mavuno mengine, zikachimbiwa kwa sherehe na hotuba. Waya, tuliarifiwa, uko kwenye bajeti ya mwaka ujao. Mama mkubwa hakuusubiri. Alifunga kila mbuzi wake kwenye nguzo yake, majirani wakamwiga, na Alhamisi iliyofuata kindege kilitua kwenye njia tupu. Dada alishuka akipiga miayo.

Hakuandika taarifa yoyote, kwa kuwa hakukuwa na la kuandika. Ofisini mashine ilitoa onyo: uwanja huu hauleti taarifa, ufuatiliwe.