Mama Hapana na Nukta Isiyo na Mstari

Kiwandani walimwita Mama Hapana, na jina hilo alilitolea jasho. Kila pampu mpya ya maji, kabla haijaenda sokoni, ilipitia mezani kwake. Anaiwasha, anaitegea sikio, kisha anasema "Hapana," na mchoraji aliyeibuni anaondoka nayo amenuna. Miaka kumi na tisa hakumbembeleza mtu. Kupendwa hakupendwa, tusidanganyane. Lakini nyumbani ana dada mgonjwa anayemtegemea, na kazi ni hiyo hiyo moja.

Basi akaletwa mtaalamu wa mitandao ya watu kazini, aeleze kwa nini pampu mpya inachukua miaka miwili kukamilika. Akabandika karatasi ukutani: kila mfanyakazi ni nukta, na wanaopeana habari wameunganishwa kwa mstari. Katikati mistari imesongamana. Pembeni kabisa kuna nukta moja, peke yake.

"Huyu ni Mama Hapana," meneja akasema mbele ya wote. "Haunganishwi na yeyote. Mwisho wa mwezi tunamwondoa."

"Hiyo mistari umeitoa wapi?" Mama Hapana akamuuliza mtaalamu.

"Kwenye barua pepe za mwaka mzima, mama."

Lo, mtu ambaye hajaandika barua pepe hata moja tangu azaliwe! Mle ndani wote walilijua hilo, na wote wakajitia kuikagua karatasi. Wanafiki wakubwa. Akainyakua kalamu ya meneja bila kuomba.

"Wewe, nani alikwambia mhimili wa pampu ni mfupi?"

"Wewe, mama," mchoraji akajibu kwa shingo upande.

Akachora mstari.

"Na wewe, habari ya mpira wa pampu unaovuja uliambiwa na nani?"

Fundi wa mota naye akakiri. Mstari mwingine. Akawabana mmoja mmoja, watu kumi na wanne, kisha akairudisha kalamu mezani kwa kishindo.

"Haya, niondoeni sasa."

Mtaalamu akaikodolea macho karatasi, akahesabu kwa kidole.

"Meneja, chanzo cha kuchelewa tumekipata. Kila kitu kinakwama kwa mtu mmoja."

Kumbe amejipalia makaa mwenyewe. Mchoraji akawa wa kwanza kucheka.

"Basi hatusubiri mwisho wa mwezi," meneja akasema.

Mama Hapana akalitoa neno lake lile lile. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, hakuna aliyerudi kurekebisha kitu.