Bango Lililowapoteza Wakwe

Nakumbuka Jumamosi moja ya Desemba, mwanangu, nilipowapoteza wakwe wa watu mchana kweupe, hapa hapa Babati, bila kuinua mguu. Niliwapoteza kwa bango.

Wewe unayetaka kuwa dizaina umenikuta na duka na mashine ya kuchapa, ukadhani nilizaliwa navyo. Nilianza na brashi na makopo ya rangi. Nilichora ng'ombe kwenye mabucha na vichwa vya wanaume kwenye vibanda vya vinyozi, na vichwa vyote vilifanana na mjomba wangu, maana ndiye pekee niliyeweza kumchora. Baadaye nikaenda Arusha kusoma kompyuta. Nilirudi najua kusafisha picha, na kuanzia hapo sikumwacha mtu na uso wake. Chunusi naondoa, makunyanzi naondoa, mwanga naongeza. Wateja wakanisifu sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Basi jirani yetu wa Nangara, Baba Restituta, akaniletea picha ya binti yake nimtengenezee bango la sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, bango lile la kusimamishwa mlangoni mwa ukumbi. Restituta alikuwa mweusi wa kung'aa, mashavu yamejaa, na ana mwanya kwenye meno ya juu. Nikamshughulikia. Nilimpa weupe, nikampunguza mashavu, mwanya nikauziba. Watu wanamwomba Mungu awape mwanya, mimi nauziba! Jina lake nikaliandika kwa herufi za kujikunjakunja ambazo hata mimi nilizisoma kwa sababu tu nilijua zinasema nini. Baba Restituta alilitazama bango kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kompyuta hii ina nguvu." Mimi nikahesabu kuwa ni sifa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, pilau ilikuwa tayari, bibi harusi ameketi mbele. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wanashuka kutoka Mbulu kwa gari la kukodi, na bwana harusi mwenyewe alikuwa njiani na basi kutoka Arusha. Tukangoja. Mshereheshaji alirudia vichekesho vyake mpaka vikaanza kutusikitisha. Wazee hawakutokea, na Restituta akaanza kulia. Nilipokwenda kumfuta machozi akaninong'oneza, "Dada, nahisi wamefika mlangoni wakaiona ile picha, halafu wakachungulia wakaniona mimi. Wameondoka." Iliniuma, mwanangu, iliniuma kweli. Msichana wa watu aliamini kwamba picha ndiyo iko sawa na yeye ndiye mwenye kasoro.

Mara bwana harusi akaingia na vumbi lake la safari, akauliza wazee wake wako wapi. Hakuna aliyejua. Akampigia simu mshenga, aliyefuatana na wazee. Mshenga alipokea mdomo umejaa, na kwa jinsi alivyopaza sauti tulimsikia sote.

"Sisi tumeshafika zamani! Tunakula. Wewe umekwama wapi?"

Kumbe kwetu walikuwa wameshafika. Walishuka, wakalikagua bango, wakashauriana, wakakubaliana kwamba binti huyu hawamjui na ukumbi huu siyo. Wakapanda gari wakaenda kutafuta sendofu nyingine, wakaipata Bagara, mlangoni pana bango la msichana mweusi mwenye mashavu. Wenyeji wa kule nao walikuwa wanangoja wakwe, kwa hiyo waliwapigia vigelegele wakawakalisha meza ya heshima, kabla bibi harusi wao hajaingia ukumbini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu hakikujitembeza, kiliwatembeza wazee wa watu.

Walipofika kwa mara ya pili, wa kwanza kushuka alikuwa bibi yake bwana harusi, na fimbo yake mkononi. Alisimama mbele ya bango.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Ni Restituta, bibi."

"Restituta alininawisha mikono siku ya mahari, namjua. Huyu wako hata akilala kwangu wiki nzima, asubuhi nitamuuliza ni wa ukoo gani." Akanigusa bega kwa ile fimbo. "Hebu niambie, binti. Mungu alipomaliza kumuumba, alikuita umsaidie?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Bibi hakucheka. Aliingia ukumbini, akamshika Restituta mkono, akamleta mpaka mlangoni na kumsimamisha mbele ya picha yake. "Sasa nimefika," akasema. "Huyu ndiye tuliyemfuata." Restituta akacheka huku machozi yanamtoka, na mwanya wote nje. Bango likageuzwa. Nilikimbia nyumbani kuchukua brashi, nikaandika nyuma yake kwa rangi nyeusi, herufi kubwa zilizonyooka: RESTITUTA, NI HAPA. Ilisomeka vizuri mno, hata wapita njia wakaingia, na pilau ikatuishia.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, uishike. Kabla hujafungua kompyuta, nenda ukamwone mwenye kazi akicheka na watu wake. Kile wanachomtambulia usikifute, hata kama wewe unakiona kasoro. Herufi zako zisomwe na bibi aliyeko ng'ambo ya barabara, asiye na miwani wala muda wa kukuhurumia. Na mteja akiitazama kazi kwa muda mrefu bila kusema, usijipongeze. Muulize.

Mungu aubariki mkono wako na jicho lako. Akuepushe na wateja wanaosema ongeza rangi nyingine hapa. Na kila utakayemtengeneza, mama yake mzazi amtambue.