Mto wa Fifi

Juzi nilirudi kijijini kwetu Ngulyati na fomu kwenye begi. Ni ya kujiunga na chuo kidogo cha wananchi pale Bariadi mjini, kozi ya mifugo. Nikiijaza, naacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili. Nilitaka kuijazia nyumbani kwa bibi, ingawa bibi tulishamzika. Kitandani kwake nikaukuta mto wangu wa utotoni, umechanika ubavuni, pamba ya njano inachungulia.

Rafiki yangu, kama hukukulia kwenye pamba, fifi huijui. Msimu wa kuchuma tulikwenda shambani na mifuko miwili. Pamba nyeupe iliingia mfuko mkubwa. Iliyolowa mvua au kuchafuliwa na wadudu iliingia mdogo, nayo ndiyo fifi. Maganda makavu yalituchoma vidole mchana kutwa. Jioni tulikaa uani juu ya turubai tukichambua upya, huku tunakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa juani, iliyopikwa kwa karanga, na kengele za ng'ombe zikisikika zikirudi kutoka mbugani.

"Nani alisema hii ni fifi?" nilimuuliza bibi siku moja.

"Mvua na mdudu."

"Basi kosa si la pamba."

"Haya, kamwambie karani wa mizani."

Alicheka mpaka akaacha kuchambua. Fifi iliyokosa bei alishonea mito, na mimi nililalia fifi utoto wangu wote.

Nilipofaulu kidato cha sita, jirani alikuja asubuhi, akatoa mwangaluka yake, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, akanitazama kama anayepima gunia. "Huyu ni pamba safi," akamwambia bibi. "Msije mkamchanganya na fifi." Walicheka wote. Mimi nilicheka kuwazidi.

Sasa hiyo pamba safi inakaa bwenini na mwenzake wa chumba, na tangu mwaka jana habari pekee wanayoongea ni ya chaja ya simu. Darasani tuko mamia. Nikinyoosha mkono kuuliza, muda umekwisha. Ziko Jumapili jua limezama sijatamka neno hata moja. Hapo ndipo nilipoanza kuiwaza Bariadi.

Jana mama mdogo alinikuta kizingitini na kalamu mkononi. Akaichukua fomu, akaisoma polepole.

"Ng'ombe umeanza kuwapenda lini? Si wewe uliyekuwa unakimbia ndama?"

"Watu hubadilika, mama."

"Na hapa umeandika unataka kuwa karibu na nyumbani. Kwa nani? Nyumba hii siku hizi haina mtu, tukivuna tunaweka dengu." Akanirudishia fomu. "Mwanangu, unahamia chuo, au unahamia kwa bibi?"

Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikuwa nimejiuliza.

Nilikuwa nimeutazama ule mto nikitaka uniambie kwamba fifi nayo ina heshima yake, nijaze fomu, yaishe. Lakini bibi hakujaza mito fifi ili anifundishe kitu. Aliijaza kwa sababu haikuuzika. Na chuo cha Bariadi si fifi ya mtu. Wapo watakaokwenda pale kwa sababu wanapenda ng'ombe kweli, na nafasi ile ni yao. Mimi nilichotaka ni turubai, na mtu wa kunijibu.

Leo uani kumeota majani. Shamba letu la pamba limepandwa dengu, na vijana wa hapa hawajui tena kuchambua kwa mifuko miwili. Nimekaa pale lilipokuwa turubai, nikasikia kengele za ng'ombe wa watu wengine zikipita.

Fomu nimeikunja bila kuimaliza. Kesho narudi chuo kikuu. Mto nimeushona kwa uzi mweusi, maana mweupe sikuupata, nao unakwenda nami. Mwenzangu wa chumba atauona tu, atauliza ni kitu gani kile chenye harufu ya ghala. Nitamwambia ni fifi. Itabidi aniulize fifi ni nini.